Breki Kwenye Kibao cha Olšinka

Gent, Ubelgiji
19 Mei 2010

Mjomba wangu Zbyněk,

Salamu nyingi kutoka huku, ambako mvua imehamia na haina dalili ya kuondoka. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na mama, pamoja na yule kuku wenu anayejiona jogoo. Mimi sijambo. Nilifika salama, ingawa treni ilikwama Nuremberg hadi watu wakaanza kugawiana chakula. Karakanani kazi zimerundikana. Wiki hii nimetengeneza meno ya mbele ya padri mmoja anayetaka yawe meupe kuliko aliyopewa na Mungu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu wewe umewapelekea watu barua kwa baiskeli maisha yako yote, na najua simu unaiona kama kelele tu. Tena kwenye simu ningelia.

Mjomba, sikujua. Naomba uniamini. Miaka saba sijaendesha baiskeli na nyinyi, na nilipoondoka bado Bwana Hynek alikuwa hai, akiwa mkubwa wa kundi. Huku Gent ninaendesha na watu ambao hata bibi kizee hawamsubiri. Kibao cha kijiji kikionekana tu, kila mtu anamsahau mama yake. Kwa hiyo siku ile ya kufungua msimu wa chemchemi, tulipokata kona ya bwawa nikakiona kibao cha Olšinka, ambacho anayekifikia wa kwanza ndiye mshindi, nilikanyaga kama nilivyozoea. Nikakupita. Nikainua mikono yote miwili na kupiga kelele kama mwehu. Nilipogeuka nikaona wote nyuma wamenyamaza, nikadhani wamechoka.

Na kule baani, mwenzenu Ctibor aliposema lile neno, "Binti, sisi tunamfungia mjomba wako breki ashinde miaka mitano, wewe unakuja kuharibu kwa dakika moja!", nilicheka, Mjomba. Nilicheka kwanza, kisha nikakuona umesimama mlangoni na bia mkononi. Ukaiweka mezani, ukachukua kofia yako, ukaenda. Wewe usiyeacha hata tone. Tangu siku hiyo kile kicheko changu kinanirudia kila nikilala, na sina pa kuuweka uso.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Mpwa wako,
Vendula


Olšinka
20 Juni 2010

Vendulka,

Barua yako nimeipata. Stempu umeibandika upande, kama mtu aliyekuwa anakimbizwa. Sisi tu wazima. Nyasi tumekata mapema mwaka huu na hazikunyeshewa. Mama yako wanampaka matope ya tiba kule Františkovy Lázně kwa ajili ya goti. Goti wamelimaliza zamani, sasa wamefika shingoni, na yeye anasema daktari ana mikono mizuri. Matunda ya cheri ni mengi kuliko ndege, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Ungekuwepo ungeshiba.

Kuhusu lile ulilonieleza, sina la kujibu maana hakuna kilichotokea. Siku ile niliwahi kuondoka kwa sababu kuku alikuwa hajafungiwa. Na gia yangu ilikuwa inaruka, mtu yeyote aliyekuwa nyuma yangu aliisikia. Ctibor akilewa anasema mengi. Mwaka juzi alisema shemeji yake ni askofu.

Baiskeli iko safi, nimeipaka mafuta. Jana nilitoka nayo asubuhi, nikavuka mpaka hadi Waldsassen, nikanywa kahawa kwa Wajerumani, nikarudi kupitia Cheb. Upepo ulikuwa usoni kwenda na kurudi. Miguu inasikia amri.

Usihangaike na mambo ya watu wazima. Kula vizuri.

Mjomba wako Z.


Gent
6 Julai 2010

Mjomba mpendwa,

Nimefurahi mno kupata mwandiko wako, nimeusoma ndani ya tramu nikapitiliza kituo. Mpe mama pole za goti na hongera za daktari. Huku jua limetoka, na Wabelgiji wanaungua kama soseji. Yule padri amerudi. Anasema meno sasa ni meupe mno, waumini wanamkodolea macho wakati wa mahubiri.

Ni vizuri unaendesha. Je, kundi bado linatoka Jumamosi? Radim bado anapata pancha kila safari? Na ile barabara ya kutoka Teplá kushuka Bečov, ile uliyonifundisha nilipokuwa na miaka kumi na mbili, ikoje siku hizi? Naiota mara kwa mara.

Sitalirudia lile jambo kama hutaki. Naomba tu ujue kwamba sijalisahau.

Vendula


Olšinka
2 Agosti 2010

Vendulka,

Joto kama la tanuri. Mama yako anakusalimu, amepika madonge ya unga yenye plamu ndani na akanikataza kula zaidi ya kumi. Nilikula kumi na mbili. Kuku ametaga yai moja, akatangaza kijiji kizima. Jirani yetu amenunua mashine ya kukata nyasi ya kukalia, sasa anaikalia hata kwenda kununua mkate.

Umeuliza kundi. Jumamosi natoka peke yangu siku hizi, wale wananichelewesha. Radim na pancha zake, Ctibor na kibofu chake. Mtu wa umri wangu akiwa na miguu kama hii anahitaji nafasi.

Na umeuliza Bečov. Basi nisikilize. Jumamosi iliyopita niliondoka kabla ya jua kali, nikapanda kupitia Kynžvart, ambako wagonjwa wa chemchemi za tiba walikuwa wanatembea na vikombe vyao vya mdomo mrefu, wakifyonza maji taratibu kama ng'ombe. Mariánské Lázně nilisimama chini ya zile nguzo nyeupe, nikakinga maji, machungu na yenye chuma kama kawaida, nikayamaliza. Bibi mmoja kutoka Leipzig akaniuliza umri. Nikamwambia. Akasema, "Haiwezekani!" Mimi nani nibishane na mgeni?

Kisha Teplá, monasteri na ile minara yake miwili, na baada ya hapo ule mteremko. Vendulka, barabara ni nyororo kama siagi. Nililala juu ya usukani, misonobari ikawa inapita upande huu na huu, mto unasikika chini, na sikugusa breki hata mara moja hadi nilipoona ngome ya Bečov. Nikala supu ya viazi na uyoga pale chini. Nikarudi njia ileile, mlima wote, bila kushuka kwenye kiti.

Kwa hiyo unaona. Wenye wasiwasi na wawe na wasiwasi wao.

Mjomba wako Z.


Gent
21 Agosti 2010

Mjomba mpendwa,

Salamu kwa wote. Mimi mzima, nina mafua kidogo tu. Asante kwa barua, ilikuwa nzuri sana, nimeisoma mara kadhaa. Ule mteremko umenielezea kama ulivyo. Nimefurahi kwamba barabara ni nyororo, na kwamba miguu bado inasikia amri. Hongera. Sijui wangapi wa umri wako wangeupanda ule mlima kurudi.

Jitunze.

Vendula


Olšinka
12 Septemba 2010

Vendula,

Salamu. Mama yako mzima. Kuku mzima. Uyoga umeanza kutoka msituni.

Leo asubuhi dada yangu, yaani mama yako, alishuka ghalani kuchukua viazi. Akarudi mikono imejaa mafuta meusi, akanung'unika kwamba nihamishe baiskeli yangu, maana imelala mbele ya viazi tangu Mei na kila akiinama pedali inamchoma mbavu. Nikamwambia asipige kelele. Akasema, "Nani atasikia? Vendulka nilimwambia zamani." Nikauliza, "Ulimwambia nini?" Akasema alikwambia kwenye simu tangu Juni. Kwamba sitoki. Kwamba nakaa jikoni nikitazama uwanja wa nyumba. Na kwamba barabara ya Teplá kwenda Bečov imechimbwa, wanaweka mabomba, hata mbwa hapiti hadi Novemba.

Ulijua. Ulijua nawe ukaniuliza barabara ikoje. Mimi nikakuandikia siagi. Nikakuandikia supu! Nawe ukanijibu "Hongera". Wewe mtoto niliyekushika kiti ukijifunza kuendesha, hata wewe umenifungia breki. Umenivisha kilemba cha ukoka, ukakibandika stempu, ukanitumia.

Nilikusudia kuishia hapo. Nimeweka kalamu, nimekwenda uwanjani, nimerudi. Aibu imenijaa hadi kooni na mama yako hana masikio ya mambo haya, basi nakwambia wewe, maana mbele yako sina tena cha kuficha.

Si kwamba nimeshindwa na msichana. Usijivune. Ni hivi. Bwana Hynek alipofikisha miaka sabini alianza kupitwa, akanuna, akawa anatafuta visababu vya kubaki nyumbani. Siku moja mimi niliwaambia wenzangu, "Jamani, tukifika bwawani tufunge breki kidogo, mzee apate kibao chake." Mimi, Vendulka. Mimi ndiye niliyeuanzisha mchezo huo. Hynek akawa anashinda kila msimu, tunamnunulia zawadi ya zile biskuti bapa zinazouzwa kwenye chemchemi, naye anasimama baani kutufundisha. "Siri ni mti wa mbetula wa tatu baada ya bwawa, wenye gome jeupe. Mkifika pale, msifikiri, chomokeni!" Na sisi tunapigana mateke chini ya meza hadi machozi ya kicheko yanatutoka.

Hynek akafa. Msimu uliofuata nikashinda mimi. Na uliofuata. Nikajiambia miguu imeiva, wengine wanachelewa kuiva. Nikasimama baani, nikawaeleza vijana habari ya mti wa mbetula wa tatu. Mti uleule, maneno yaleyale, na bia mkononi. Miaka mitano! Mtu aliyeutengeneza mtego kwa mikono yake, akaingia ndani, akajisifu kwamba ni pazuri.

Sasa nikiwaza wale walivyokuwa wananitazama, najua hasa walikuwa wanafanya nini na miguu yao chini ya meza. Natamani ardhi inimeze. Kununua mkate natuma mama yako.

Usinijibu kwa huruma.

Z.


Gent
18 Septemba 2010

Mjomba,

Sisi hatujambo, na habari nyingine zitasubiri.

Hutaki huruma, basi sikupi. Ni kweli nilijua. Nilikuuliza barabara kwa sababu nilitaka uniambie mwenyewe kwamba imefungwa, tuanzie hapo. Ulipoandika siagi nilishikwa na aibu mara mbili, yangu na yako, nikashindwa kukupita tena. Mara ya kwanza nilikupita nikaona uso wako mlangoni. Mara ya pili mkono uligoma. Pengine nilikosea. Lakini mimi sikukwambia uende Bečov, Mjomba. Ulikwenda mwenyewe, tena ukamtia njiani na bibi wa Leipzig.

Sasa nakwambia bila breki. Kibaoni umepitwa. Umepitwa kabisa, hata nikiwa na mafua nakuacha pale pale bwawani, na mti wa mbetula hausaidii chochote. Ila kupanda vilima bado unapanda kuliko Ctibor. Mei uliupanda mlima wa Mähring ukiongea, yeye alikuwa anakoroma kama mashine mbovu. Hilo hakuna aliyekuzawadia. Nililiona kwa macho yangu.

Mama anasema safari ya kufunga msimu ni Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Nenda. Ukibaki jikoni hadi Mei, hutatoka tena, na utakuwa unanipelekea barua za safari za Paris na Roma kwa njia ambazo hazipo. Unaandika vizuri, naogopa nitazizoea.

Ukiona aibu njiani, ionee hukohuko juu ya baiskeli.

Vendula


Olšinka
4 Oktoba 2010

Vendulka mpwa wangu,

Pokea salamu zetu. Mama yako amekausha uyoga hadi nyumba nzima inanuka kama viatu vya msitu, na fungu lako liko kwenye mfuko unaokuja na barua hii. Usiuloweke kwa maji moto. Kuku anapukutika manyoya. Goti limepona, lakini kwa daktari bado anakwenda.

Barua yako ilinikasirisha siku nzima. Ya pili nikashuka ghalani.

Mnyororo ulikuwa na kutu, nikausugua. Jumamosi nikafika kwenye zahanati ya zamani tunapokutania. Walikuwapo wote. Hakuna aliyeniangalia, kila mtu ghafla ana shughuli na tairi lake. Nami uso ulikuwa unawaka. Nilitaka kugeuza, nakwambia ukweli, nilishageuza usukani. Radim akasema, "Zbyněk, una pampu? Nina pancha." Tulikuwa hatujaondoka bado! Nikampa pampu, basi ikawa nimebaki.

Kundi likaenda kimya kama la mazishi. Baada ya Waldsassen nikashindwa kuvumilia. Nikasema kwa sauti, "Sikilizeni. Bwana Hynek mnamkumbuka. Nyote mnajua ni nani aliyeanza mambo yale. Leo mtu asinifungie breki. Nikisikia breki hata moja, nalala msituni na hamnioni tena." Kisha Ctibor akasema, "Wewe zungumza tu, mlima unakuja." Nafikiri naye hakuwa amelala vizuri tangu Mei.

Mähring nilipanda taratibu. Kona ya mwisho nilishuka nikasukuma baiskeli. Sijawahi kusukuma maishani. Nilisukuma mbele ya watu, mwanamke mmoja wa Kijerumani akanipungia mkono akiwa anaanika nguo. Mariánské Lázně tulikunywa maji, walikuwa wanakaribia kufunga banda la chemchemi. Yalikuwa machungu.

Tukafika bwawani. Wakachomoka. Kweli wakachomoka, Vendulka, hakuna breki hata moja, walipotea kama wanafukuzwa na nyuki. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote. Nilikanyaga pale kwenye mti wa mbetula, hapakutokea kitu. Wao kibaoni, mimi bado niko kwenye miti. Jambo hilo lilikuwa linaniuma, lakini lilikuwa safi, kama jino lililong'olewa. Wewe unayajua meno.

Halafu nikasikia mtu nyuma yangu anakoroma. Ctibor. Mlima ulikuwa umemmaliza, na mimi sikuwa wa mwisho. Alikuwa anakuja, kichwa chini, anakanyaga kama anaokoa nyumba inayoungua, na hakuwa na uwezo wa kunifikia. Sikufikiria chochote. Nikaona vidole vyangu viko juu ya breki, vinabana. Kidogo tu. Ile mipira yake ikalia, unajua inavyolia ikiwa imekaa ghalani muda mrefu.

Ctibor akanipita pale pale kwenye kibao. Akainua mkono! Kwa nafasi ya pili kutoka mwisho, akainua mkono.

Baani akaagiza bia, akasimama. "Jamani," akasema, "Zbyněk nimemla kibaoni. Nilimwachia aende, aende, nikamvizia, halafu nikamaliza. Ni suala la kupumua." Akaeleza habari ya kupumua. Mtu huyu ndiye aliyenifungia breki miaka mitano, hakuna mtu duniani anayeijua sauti ile kumzidi yeye, na hakuisikia. Radim alinitazama. Nikaweka miguu yangu vizuri chini ya kiti, nisimguse mtu.

Nilimnunulia boksi la biskuti. Alikaa akazila, makombo ndevuni, mashavu mekundu, anaendelea kueleza. Nikaona haya kwa niaba yake, haya kali, nikainamia bia yangu. Nilipoinua macho tena yuko vilevile, na nikawa natamani mtu yeyote asije akafungua mdomo. Nilimtazama kama unavyomtazama mtu aliyesinzia kitini, ukiwaza umwekee nini begani asipate baridi.

Vendulka, nafikiri na wao walikuwa wananitazama hivyo.

Bia niliimaliza.

Mjomba wako,
Zbyněk